Pipa Kolwezi, karatasi Lusaka

*Mwenye dola 3,000 akitaka kuziweka kwenye mafuta, mji wa kobalti una njia za kumwonyesha. Mwandishi wetu alizifuata, akianzia penye chupa za kando ya barabara.*

Alfajiri ya Juni, baridi ya Kolwezi huingia mpaka kwenye mifupa. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kabla jua halijachomoza mama anayeuza kando ya barabara ya Musompo ameshajifunga kitenge cha pili mabegani. Meza yake ni mbao mbili juu ya matofali. Amepanga chupa za maji za lita moja na nusu zisizo na maji. Nyuma yake kuna bidoni za njano, na nyuma kabisa, ukutani, futu moja ya chuma ya lita 200.

Mbabula yake ya chai, jiko la makaa, iko ng'ambo ya barabara. Ameiweka huko makusudi. Kila akitaka kikombe, huvuka.

Wa kazi yake huitwa Kadhafi. Jina ni la yule mtawala wa Libya aliyekalia mafuta. Mwenyewe aliuawa mwaka 2011, lakini huku Kongo angali anauza chupa kwenye kila kona, na hata mwanamke ni Kadhafi.

Mhariri alinituma na swali jepesi kulitamka: mtu wa kawaida, mwenye akiba yake, akitaka kuwekeza kwenye mafuta achague njia gani? Nadhani mhariri alikuwa akifikiria hisa na kompyuta. Mimi nililipeleka kwa mama huyu, kwa kuwa ndiye mwekezaji wa mafuta niliyekutana naye kwanza. Nilipomwambia natafuta habari za mafuta, alininyooshea mkono upande wa soko.

"Papa, mafuta ni kule, kwa wale wa mawese. Huku ni esanse."

Alikuwa sahihi. Hapa mafuta ni ya kupikia. Petroli ni esanse, dizeli ni mazutu, na anayesema anataka kununua mafuta ataulizwa anataka yapi. Swali hilo ndilo wasiloulizwa wengi wanaopeleka pesa zao huko.

Mji wa shaba unaokunywa mazutu

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, enzi ya kampuni ya Union Minière. Gécamines ikaurithi mwaka 1967, na tangu 2015 ndio makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Kila mtu hapa anajua bei ya shaba na kobalti, kama watu wa pwani wanavyojua maji kujaa na kupwa. Bei ya mafuta haizungumzwi hivyo, ingawa mji mzima unategemea mazutu. Malori ya makinikia huenda nayo, jenereta za migodi huwashwa nayo umeme unapopungua, na unga wa mahindi unaotoka Zambia hufika kwa lori linaloyanywa njia nzima.

Mafuta yenyewe hutoka mbali. Sehemu yake huanzia Dar es Salaam, linakoanzia pia bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, lililofunguliwa mwaka 1968 Zambia ilipokuwa ikitafuta njia ya kuikwepa Rhodesia. Tangu 2023 bomba hilo limegeuzwa kusafirisha dizeli tupu hadi Ndola. Kinachovuka kuja huku hupakiwa kwenye malori ya tangi: Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Fungurume, kisha Kolwezi. Safari ina foleni, mizani na vituo vya peaje, yaani tozo za barabara, na kila kimoja kinaacha alama yake kwenye bei ya lita.

Kongo ina mafuta yake. Yanachimbwa Moanda, kwenye pwani ya Atlantiki, tangu 1975, na huuzwa nje yakiwa ghafi. Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikiwa katika bonde la Ziwa Tanganyika. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Hata usingefutwa, raia wa kawaida asingekuwa na mlango hapo. Kitalu hakiuzwi kwa futu.

Basi dola 3,000 za mtu wa Kolwezi ziende wapi? Kiasi hicho nimekichagua mimi. Hakitoshi kujenga nyumba, lakini anayekipoteza hulala macho wazi.

Futu inapumua

Turudi kwa mama. Njia yake ndiyo ya zamani kuliko zote: nunua kitu chenyewe, kiweke, kiuze. Tuseme lita moja inapatikana kwa dola 1.25. Dola 3,000 zitakupa lita 2,400, yaani futu 12. Bei ikipanda, umepata.

Lakini esanse haitulii kama mfuko wa saruji. Hutanuka kwenye joto na kunywea kwenye baridi, karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi. Ukipimiwa lita 200 mchana kutoka kwenye bidoni zilizokaa juani, kisha ukazipima alfajiri joto likiwa limeshuka kwa nyuzi 15, utakuta karibu lita tatu hazipo. Hakuna aliyekuibia. Kwa futu 12 hizo ni lita 36, na bado hujauza hata chupa moja.

Mama huyu hajasoma hesabu hiyo mahali popote, ila hapokei mzigo baada ya jua kuwaka. Anapokea asubuhi, kwa bidoni yake mwenyewe, na kabla ya kulipa humimina kidogo kwenye kiganja, akakipuliza na kukitazama. Esanse safi hukauka haraka na kuacha ngozi imepauka. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi.

Ikikaa sana, esanse huchakaa. Sehemu zake nyepesi hutoroka kwanza, na hizo ndizo zinazowasha injini. Mazutu huvumilia zaidi, lakini maji yakiingia huota utando. Kwa hiyo anayeweka futu 12 uani akisubiri bei ipande anashindana na saa. Isitoshe, bei ya pampu hapa haipandi kwa kufuata soko la London asubuhi kwa asubuhi. Wizara ya Uchumi wa Taifa ndiyo inayopanga muundo wa bei kwa kanda, na Lualaba imo katika kanda ya kusini. Unaweza kusubiri miezi mitatu, kisha waraka mmoja kutoka Kinshasa ukashusha bei futu zako zikiwa zimejaa.

> Kadhafi hauzi esanse peke yake. Anauza foleni ambayo wewe hukusimama.

Nilikaa pale asubuhi nzima nikihesabu wateja. Karibu wote walikuwa waendesha pikipiki, na karibu wote walinunua chupa moja. Kituo chenye pampu hakikuwa mbali, lakini kilikuwa na msururu. Faida ya mama inatokana na chupa ndogo, na saa ambayo kituo kimefungwa, na mwendo ambao mteja hataki kuusukuma. Siku pampu zinapojaa na mistari kuisha, biashara yake hulala. Ni kibarua chenye mtaji, na mwenye dola 3,000 ambaye hataki kukaa juani hawezi kukinunua.

Halafu kuna moto. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la tangi lilipinduka, watu wakaja na ndoo, na zaidi ya 200 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 yakatokea hayohayo Msamvu, Morogoro, na waliokufa walipita 100. Futu 12 katika uwanja wenye watoto, jiko la makaa na fundi wa kuchomelea kwa jirani ni hesabu ambayo siwezi kumshauri mtu aifanye, hata faida iwe mara mbili.

Karatasi ya karibu

Upande wa pili wapo wanaosema acha harufu, nunua karatasi. Hapo mtu wa Kolwezi anagonga ukuta wa kwanza: Kongo haina soko la hisa. Pesa inaweza kukaa benki, inaweza kukopeshwa serikali kwa hati za Hazina zilizoanza kutolewa upya mwaka 2019, lakini kipande cha kampuni hakiuzwi mjini hapa. Cha kuchekesha ni kwamba benki mbili ambako watu wa hapa hupanga foleni, Equity BCDC na TMB, zinamilikiwa na makundi ya Nairobi ambayo hisa zake huuzwa kila siku Nairobi. Dirishani utaweka akiba. Hisa ya mwenye dirisha hutaipata hapo.

Soko la karibu liko Lusaka, lilifunguliwa mwaka 1994. Kwenye ubao wake imo Puma Energy Zambia, iliyokuwa zamani BP Zambia, yenye vituo vya mafuta kote nchini humo. Mbali zaidi iko Nairobi, ambako TotalEnergies Marketing Kenya ipo kwenye soko. Ukinunua hisa hizi hujanunua pipa. Umenunua sehemu ya Kadhafi mkubwa mwenye paa, pampu na mahesabu yaliyokaguliwa. Yeye naye hupangiwa bei: Zambia hutangaza bei za pampu kila mwezi, na Kenya vilevile. Bei ya dunia ikipanda, faida ya kampuni ya namna hii si lazima ipande. Pengine hushuka, kwa sababu mzigo wa kuagiza umekuwa ghali na muuzaji anabanwa.

Wenye hisa za KenolKobil wanalo jambo jingine la kusimulia. Ilikuwa kampuni ya mafuta yenye jina Nairobi. Mwaka 2018 kampuni ya Kifaransa ya Rubis ikaja na ofa ya shilingi 23 kwa hisa, na mwaka 2019 jina likaondolewa sokoni. Walilipwa, hawakudhulumiwa. Lakini aliyetaka kuwaachia watoto hisa za mafuta aliachiwa pesa taslimu na kazi ya kutafuta upya.

Kuna karatasi ya aina nyingine, ya wanaotafuta mafuta ardhini. Hiyo watu wa Kolwezi wataielewa bila mwalimu. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba kwake akakuta kobalti, na muda si muda watu wakawa wanashuka chini kupitia sakafu za vyumba vyao. Waliofika kwenye mshipa walinunua magari. Wengi walifika kwenye udongo.

Mwaka huohuo, Dar es Salaam, kampuni ya Swala iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 500 kila moja. Ilikuwa na leseni za kutafuta mafuta Kilosa-Kilombero na Pangani, ikawa ya kwanza ya aina yake kuingia kwenye soko la hisa la Afrika Mashariki. Watu wa kawaida walinunua, wengine kwa fahari ya kumiliki mafuta ya nchi yao. Iliishia kwenye ufilisi.

Wakubwa nao huanguka. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kwenye kisima cha Ngamia-1. Aliyechimba ni Tullow, kampuni ya London iliyokuwa pia Uganda. Mwaka huo hisa yake moja ilipita pauni 15. Tarehe 9 Desemba 2019, kampuni ilipopunguza makadirio ya uzalishaji na mkurugenzi wake kuondoka, hisa ilipoteza kama asilimia 70 kwa siku moja. Machi iliyofuata ilishuka hadi chini ya pensi 20. Mwaka 2025 Tullow ikauza mali zake zote za Kenya. Sehemu kubwa ya mafuta ya Turkana bado iko palepale ardhini.

> Mafuta yalipatikana kweli. Aliyenunua hisa kwa sababu hiyo alipoteza karibu zote.

Mwenye geti

Nikiwa ndani ya teksi kutoka Likasi, tukisimama kwenye peaje, nilitazama msururu wa malori mbele yetu. Mengine yalibeba shaba, mengine kobalti, mengine tindikali na mazutu. Yote yalilipa. Mwenye geti hakuuliza bei ya shaba imefika ngapi wiki hii.

Nairobi, Januari 2026, walifungua mauzo ya geti la namna hiyo. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 65 ya Kenya Pipeline kwa shilingi 9 kwa hisa, na fungu likatengwa kwa wawekezaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya Julai 2022, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtu wa Kolwezi alikuwa na nafasi yake iliyoandikwa katika biashara ya mafuta. Kenya Pipeline haina pipa lake. Inasukuma bidhaa za watu wengine kutoka Mombasa kwenda bara, na inatoza kwa kila lita inayopita. Pipa liwe dola 60 au 120, kinachoulizwa ni lita ngapi zimepita.

Hapa sitajificha: kati ya karatasi zote nilizozipitia, za namna hii ndizo ninazoziona zinamfaa mtu mwenye akiba ndogo. Hata hivyo, mtu asidhani geti halina mwenye nguvu juu yake. Tozo za bomba la Kenya hupangwa na mdhibiti wa serikali, na serikali inayotaka kura inaweza kukumbuka bei ya mafuta ya taa. Mizigo nayo inaweza kubadili njia. Kolwezi inalijua hilo: shaba iliyokuwa ikienda hasa Dar es Salaam na Durban, sasa sehemu yake inapanda reli kuelekea bandari ya Lobito.

Gharama za njiani ni nyingine. Kufungua akaunti ya hisa ukiwa nje ya nchi kunataka dalali, pasipoti au kitambulisho, na hati ya makazi. Katika mji ambao nyumba nyingi hazina bili yenye jina la mkazi, hiyo hati ya mwisho ndiyo inayowachosha watu. Kisha kuna ada ya kutuma dola, kubadili kuwa kwacha au shilingi, na kuzirudisha. Kwa dola 3,000 ada hizo hazivunji mtu. Kwa dola 200 zinakula gawio la miaka.

Karatasi isiyo na futu nyuma yake

Wapo vijana, hasa waliosoma Lubumbashi, wanaosema wao hawataki kampuni wala geti, wanataka bei yenyewe. Wafuate bei kwenye simu: ikipanda wapate, ikishuka wajilaumu. Wana hoja. Juni 2025, Israel na Iran zilipopigana, pipa la Brent lilitoka karibu dola 69, likapanda hadi kama 80, likarudi chini ya 70, vyote ndani ya wiki mbili. Aliyeingia na kutoka kwa wakati alivuna.

Ila bei unayoiona kwenye simu ni ya mkataba wa kupokea mafuta mwezi fulani. Mfuko unaowauzia watu wa kawaida bei hiyo hauna matangi. Mwezi unapokaribia kuisha, huuza mkataba wa mwezi huu na kununua wa mwezi ujao. Sasa fikiria mama wa Musompo anaambiwa: futu yako ya leo tunainunua kwa dola 30, na ya mwezi ujao tunakuuzia kwa dola 34. Kila mwezi. Hajamwaga tone, lakini futu zake zinapungua.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2020 kwa USO, mfuko mkubwa wa Marekani. Mwaka ulianza pipa la Marekani likiwa karibu dola 61, ukaja ugonjwa wa korona, bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa 2021 bei ilikuwa imerudi kwenye dola 60. Mfuko haukurudi. Kipande chake kilikuwa na thamani isiyofika nusu ya ile ya awali. Mwenye kusema mafuta yatarudi alisema kweli na akapata hasara.

Tarehe 20 Aprili 2020 palizuka jambo ambalo hata wazee wa soko hawakuliona kabla. Matangi ya Cushing, Oklahoma, yalikuwa yanajaa, mikataba ya Mei inaisha, na hakuna aliyetaka kupokea mafuta. Bei ilifungwa kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Muuzaji alikuwa anamlipa mtu amwondolee mzigo. China, Benki ya China ilikuwa imewauzia wateja wa kawaida bidhaa iliyofungwa kwenye bei hiyo. Maelfu waliamka akiba yao imekwisha, na wengine wakaambiwa wanadaiwa juu yake. Desemba ya mwaka huo mdhibiti aliitoza benki faini ya yuani milioni 50.5.

Namweleza mama kisa hicho, anasikiliza na kunikatiza mara moja tu: hao watu hawakuwa na bidoni? Hawakuwa nazo. Anacheka mpaka mwenye pikipiki anageuka.

Anayekuahidi kila siku

Kuna njia ya tano ambayo nisingeiita njia, lakini ndiyo inayotangazwa zaidi kwenye simu za hapa. Kikundi cha WhatsApp, picha ya mtambo wa baharini, na ahadi: weka dola 50 kwenye kisima chetu, upokee dola 2 kila siku. Najua inavyokwenda kwa sababu niliwahi kuweka. Siku nane za kwanza nililipwa. Siku ya tisa kikundi kilikuwa kimeongezeka watu mia, siku ya kumi na nne hakikuwepo. Dola 50 zangu, toa 16 nilizopokea.

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua. Mwaka 1991 Kinshasa ilishuhudia Bindo Promotion, iliyowalipa watu maradufu kwa pesa za waliofuata mpaka waliofuata wakaisha. Tanzania ilipata DECI, iliyofungwa mwaka 2009. Ya siku hizi yamebadili picha tu, badala ya maombi na mifuko ya pesa wameweka mapipa.

Kwa nini mafuta, na mawe yako chini ya miguu?

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya swali la mhariri niliisikia Musompo, soko la madini, kutoka kwa mnunuzi ambaye muda wote macho yake yalikuwa kwenye mizani. Kwa nini mtu wa Kolwezi apeleke dola zake kwenye mafuta ya watu? Kobalti iko hapa. Na kobalti inakwenda kwenye betri za magari yanayotaka kuyaua mafuta.

Nilimwuliza kuhusu Februari 2025. Tarehe 22 mwezi huo serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, bei ikiwa chini kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Zuio la miezi minne likaongezwa, na tangu Oktoba 16 mwaka huo likageuzwa kuwa mgao, tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ya dunia iliruka zaidi ya mara mbili. Waliofaidi ni waliokuwa na kobalti tayari nje ya mpaka, na wenye mgao. Mwenye magunia yake hapa alikuwa na mali ghali asiyoweza kuiuza. Mnunuzi alikubali hilo kwa kichwa, akaendelea kupima.

Kuna jambo ambalo hoja yake inaliruka. Familia ya Kolwezi tayari imewekeza kwenye shaba na kobalti bila kuambiwa. Kazi ya baba, nyumba ya kupangisha, duka la shangazi, karo, vyote hushuka bei ya madini ikishuka, kama mwaka 2008, na tena 2019 kobalti iliyokuwa imepita dola 90,000 kwa tani ilipokwenda chini ya 30,000. Kwa mafuta mambo ni kinyume: kila yakipanda, familia hiyo inalipa kwenye unga na nauli. Dola chache katika biashara inayopata mafuta yanapouzwa kwa wingi hupunguza makali. Haiwezi kuyaondoa.

Wazee hapa wanazo kumbukumbu za fedha za mkupuo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Pesa ilikuja mara moja, kwa watu ambao kampuni ilikuwa imewapa nyumba, shule, hospitali na hata unga. Ikaenda kwenye basi dogo, shamba, kinu, duka. Nilipomtajia mzee mmoja wa zamani wa kampuni habari za hisa za Lusaka, hakuuliza zinalipa ngapi. Aliuliza nani atamwarifu mkewe ziko wapi siku akifa. Ni swali ambalo sikuwa nimeliandika kwenye daftari langu, na nimeliongeza: hisa isiyo na jina la mrithi ni futu iliyozikwa.

Kidole kimoja

Jioni nilirudi barabara ya Musompo na pikipiki ya kukodi, tangi karibu tupu. Malori yalikuwa yakipita kwa msururu, vumbi jekundu juu ya kila kitu isipokuwa chupa, ambazo mama alikuwa amezifunika kwa kanga.

Nilimwuliza angezifanyia nini dola 3,000. Sikutaja hisa. Alifikiri kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Asingeongeza esanse. Angejenga banda la matofali lenye paa la bati na mlango wa chuma, mbali na nyumba, na wenzake watano wanaolala na bidoni vyumbani wangeweka mzigo wao humo kwa malipo ya wiki. Wao wahangaike na bei. Nilimwuliza kuhusu moto kwenye banda lenye mzigo wa watu sita. Akasema ndiyo maana angelijenga mbali, kisha akanyamaza, akashika mpira wa kumiminia.

Alinimiminia chupa mbili kupitia kitambaa. Ya tatu aliijaza ya kesho, akaacha nafasi ya kidole kimoja shingoni kabla ya kukaza kifuniko. Nikamwambia chupa haijajaa.

"Hiyo ni ya jua, Papa," akasema, akaiweka kwenye safu.